Klachi inayoshika asubuhi: shajara ya siku 31

Siku ya 1

Leo nimeamua kuandika. Kwa wiki tatu pikipiki imekuwa ikirudia jambo lile lile kila asubuhi. Naiwasha, inanguruma vizuri, nabana leva ya klachi hadi mwisho, natia namba moja, nayo inaruka mbele kama mtu aliyesukumwa mgongoni, kisha inazima. Jana iliruka ikagonga mlango kwa gurudumu la mbele. Mlango haukuumia, ila dakika mbili kabla ya hapo mwanangu alikuwa amechuchumaa pale pale akifunga kamba za viatu. Nimeahirisha vya kutosha.

Chombo chenyewe ni cha cc 125, silinda moja, kinapozwa kwa hewa, kina kabureta na gia tano. Kimetembea kilomita 38,400. Klachi yake ni ile ya pleti nyingi zinazoogelea kwenye oili ya injini. Leva inavuta waya, waya unazungusha mkono mdogo wa chuma upande wa kushoto wa injini, mkono huo unasukuma ufito unaopita ndani ya shafti ya giaboksi, na ufito unatokea upande wa kulia kusukuma pleti ya kubana.

Injini ikishapata moto, shida inapotea. Gia zinaingia laini, na nikisimama napata frii bila kuhangaika. Hili nimelipigia mstari, kwa sababu pleti zilizopinda vibaya husumbua hata injini ikiwa moto, hasa pale unapotafuta frii ukiwa umesimama. Vilevile klachi yangu haitelezi. Kuteleza ni ugonjwa wa upande wa pili: injini inapandisha mzunguko lakini mwendo hauongezeki. Mimi napanda mlima na mzigo bila wasiwasi. Klachi yangu inashika wakati imeambiwa iachie.

Siku ya 2

Ugumu wa kuchunguza ugonjwa huu ni kwamba unatokea mara moja tu kwa siku. Pleti zikishabanduka, hazigandani tena mpaka zilale usiku kucha. Ukirekebisha kitu saa nne asubuhi ukajaribu papo hapo, utaona umepona, na utakuwa umejidanganya. Kwa hiyo nina jaribio moja kila kukicha, nami najiwekea kanuni: badiliko moja, asubuhi moja, kipimo kimoja kwenye daftari.

Kipimo nakipata hivi. Injini ikiwa baridi na swichi imefungwa, natia namba moja, nafunga leva kwenye mpini kwa kamba, nakulabu mizani ya kuning'iniza kwenye fremu upande wa mbele, kisha navuta polepole juu ya saruji iliyo sawa. Nasoma kilo za juu kabisa kabla gurudumu la nyuma halijaanza kuzunguka. Klachi ikiachia sawasawa, navuta uzito wa pikipiki tu na ukinzani kidogo wa oili. Ikishika, navuta na klachi pia.

Ikiwa frii: kilo 4. Namba moja na leva imebanwa, baada ya safari ndefu: kilo 6. Leo asubuhi, nyuzi joto 14: kilo 23.

Halafu nikavuta mara ya pili, dakika ile ile. Kilo 9. Ule mvuto wa kwanza ulitoa mlio mdogo wa kubanduka, na baada yake klachi ikawa karibu nzima. Tofauti ya 23 na 9 ndiyo ugonjwa wangu wote, na nimeisikia kwa masikio.

Siku ya 3

Hakuna nilichogusa leo. Kilo 22, nyuzi 14. Nilitaka tu kujua kama kipimo kinarudia, nacho kimerudia.

Nimekaa na mchoro wa klachi jioni nzima. Jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani ni kwamba hakuna kitu ndani mle kinachozisukuma pleti ziachane. Springi kazi yake ni kubana. Leva nayo inaondoa tu ile nguvu ya kubana: pleti ya kubana inarudi nyuma kidogo, na pleti nyingine zinaachwa zijitenge zenyewe kwa mzunguko na kwa oili inayopenya katikati. Fundi aliyenifundisha kushika spana alizoea kuniambia kwamba mkono wako unafungua mlango tu, kutoka ni hiari ya pleti. Miaka yote nilidhani anapamba maneno.

Sasa fikiria usiku. Pikipiki imeegeshwa, springi zimebana tangu jioni. Oili iliyokuwa kati ya pleti inakamuliwa taratibu mpaka unabaki utando mwembamba sana. Asubuhi utando huo ni baridi na mzito. Weka vioo viwili vilivyolowa kimoja juu ya kingine, ubane, halafu ujaribu kuvitenganisha, utaelewa. Mlango umefunguliwa lakini pleti zimekumbatiana.

Basi kuna njia tatu za kushambulia: kufungua mlango zaidi, yaani pleti ya kubana isogee mbali zaidi, kufanya ule utando uwe mwepesi, na kuondoa chochote kinachozuia pleti kuteleza mahali pake. Nitazifuata kwa mpangilio huo kwa sababu ya kwanza haihitaji kufungua injini.

Siku ya 4

Nilipima ulegevu wa leva jana usiku: milimita 28 kwenye ncha, kabla waya haujaanza kuvuta. Kitabu cha pikipiki kinataka 10 hadi 15. Nimeona aibu kidogo, kwa maana hili ni jambo la dakika tano na nilikuwa napita nalo kila siku. Kiganja huzoea. Waya unarefuka polepole na vidole vinafuata, hujui.

Nimekaza kwenye nati ya chini, upande wa injini, nikaiacha nati ya kwenye mpini katikati ya nyuzi zake ili nibaki na nafasi ya marekebisho madogo. Ulegevu sasa ni milimita 12. Sikuuondoa wote, na usiuondoe wote: waya usio na ulegevu hata kidogo unaisukuma klachi muda wote, pleti zinateleza na kuungua.

Ule mkono mdogo wa kwenye injini ulikuwa unasogea milimita 9 leva ikibanwa. Sasa unasogea 13.

Asubuhi hii, nyuzi 14: kilo 18.

Siku ya 6

Nilipokuwa napaka grisi kwenye kichwa cha waya, niliona nyuzi mbili zimekatika karibu na kile kifundo cha risasi kinachokaa ndani ya leva. Waya mpya umeingia. Nimeupitisha kwa mkunjo mpana, bila kona kali chini ya tangi, maana waya unaopinda sana hula sehemu ya mvuto kabla haujafika chini. Kilo 17. Badiliko dogo, lakini waya ule ungenikatikia barabarani.

Siku ya 8

Oili. Nilikuwa natumia 20W-50, kwa imani kwamba injini ya kilomita nyingi inataka oili nzito. Kitabu kinaruhusu 20W-50 kwa sehemu za joto kali, na 10W-40 kwa matumizi ya kawaida.

Namba ya kabla ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake ikiwa imefika nyuzi 100. Kwa ugonjwa wa asubuhi, namba ya kwanza ndiyo yenye neno. Oili ya 10W hupimwa uwezo wa kuiacha injini izunguke kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Mimi siishi kwenye barafu, lakini hata kwenye nyuzi 14 juu ya sifuri tofauti ile inabaki kwenye pleti.

Kuna rafiki alinishauri nitie oili nyepesi ya gari dogo, ile inayosifiwa kupunguza ulaji wa mafuta. Nimekataa. Oili nyingi za namna hiyo huwekewa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yangu inaishi kwa msuguano. Ningetibu kushika nikaletewa kuteleza. Nimetafuta chupa yenye alama ya JASO MA2. JASO ni kipimo cha Kijapani, na kile cha oili za pikipiki kilianza mwaka 1998 mahsusi kwa pikipiki ambazo injini, gia na klachi vinachangia oili moja. MB ni ya zile ambazo klachi haikai kwenye oili hiyo, kama skuta nyingi. Nimemwaga oili ya zamani ikiwa moto, nikajaza mpaka alama ya juu ya kijiti, si zaidi.

Siku ya 9

Kilo 9! Natia namba moja, kishindo kidogo tu, haikuruka. Nimefurahi hata nikamwita mke wangu aje aone.

Siku ya 11

Kilo 15. Iliruka tena, si sana, lakini iliruka.

Nimerudi kwenye daftari na jibu liko pale pale pembeni ya ukurasa. Juzi mawingu yalifunika usiku kucha na asubuhi ilikuwa nyuzi 21. Leo ni nyuzi 13. Nililinganisha asubuhi ya joto na asubuhi ya baridi nikaita dawa. Oili imesaidia kweli, kutoka 17 hadi 15 kwa hali ya hewa inayokaribiana, lakini ule ushindi wa kilo 9 ulikuwa wa mawingu. Kuanzia leo sihesabu jibu lolote lililopimwa juu ya nyuzi 16.

Siku ya 12 hadi 15

Kabla ya kufungua injini nilitaka kujua zile mbinu ambazo madereva hufundishana zina uzito gani. Kila moja ina asubuhi yake.

Kubana na kuachia leva mara ishirini injini ikiwa frii, kisha kuizima na kupima: kilo 14. Karibu hakuna faida, na ukifikiri utaona kwa nini. Ikiwa frii, kitovu cha klachi, sehemu ya ndani iliyounganishwa na giaboksi, hakina kinachokizuia, kwa hiyo kinazunguka pamoja na basketi, yaani bakuli la nje linalozungushwa na injini, na pleti zinaendelea kukumbatiana huku zikizunguka. Ili zibanduke, upande mmoja lazima ushikwe, na kinachoushika ni gurudumu la nyuma kupitia gia.

Kutia namba tatu, injini imezimwa, leva imebanwa, kisha kuisukuma pikipiki mbele na nyuma hatua moja: hii ndiyo mbinu. Baada yake nimerudisha namba moja na kupima: kilo 8. Namba tatu ni bora kuliko moja kwa kazi hii kwa sababu gurudumu linahitaji nguvu pungufu kuizungusha klachi. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kusukuma.

Kupiga kiki ikiwa kwenye gia na leva imebanwa, swichi imefungwa: kilo 9. Kwenye injini yangu kiki inazungusha basketi moja kwa moja, ndiyo maana inawezekana. Zipo injini ambazo kiki yake hupitia shafti ya giaboksi, na hizo lazima ziwe frii. Swichi ifungwe, narudia, ifungwe. Pikipiki inayowaka ikiwa kwenye gia haimsubiri mtu.

Kufunga leva kwenye mpini usiku kucha: kilo 7. Ni jibu zuri kuliko yote na silipendi kuliko yote. Springi na waya vinakaa vimevutwa saa kumi kila usiku, na ugonjwa unafichwa badala ya kutibiwa. Lakini limenithibitishia jambo kubwa: pleti zisipobanwa usiku, asubuhi hazigandi. Mchoro wangu wa siku ya 3 ulikuwa sahihi.

Siku ya 17

Nimefungua.

Oili nimeimwaga kwenye chombo safi, maana ina siku tisa tu. Kava la kulia limetoka kwa boliti nane na kubembeleza kwingi kwa nyundo ya plastiki. Gasketi imetoka nzima, nami nikaifurahia mapema mno.

Kabla ya kugusa springi, nilipima kitu ambacho nilikuwa nakitamani tangu mwanzo. Waya bado umeunganishwa upande wa kushoto, kwa hiyo nikibana leva naiona pleti ya kubana ikisogea. Kwa vernia, kipimo cha kusoma vipande vya milimita: 1.9. Kisha nikalegeza waya mpaka ulegevu ukarudi 28 kama wa zamani, nikapima tena: milimita 1.2.

Klachi hii ina pleti tano za msuguano na nne za chuma. Kila pleti ya msuguano ina nyuso mbili, kwa hiyo kuna mahali kumi pa kuachana. Gawanya 1.9 kwa kumi: kila mahali panapata 0.19. Gawanya 1.2: 0.12. Huo ndio upana wa mlango tunaoubishania, unene wa karatasi moja au mbili. Ulegevu wa leva niliouona mdogo ulikuwa umekula zaidi ya theluthi ya nafasi yote.

Boliti za springi nimezilegeza kwa zamu, kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja. Pleti za msuguano zina unene wa 2.90 hadi 2.93, mpya ni 3.0, kikomo ni 2.8. Zina maisha bado. Hazijaungua, hazinuki. Springi ziko sawa kwa urefu. Ufito wa kusukuma nimeubingirisha juu ya kioo, haukupinda, na ncha yake haina rangi ya bluu ya kuungua.

Pleti za chuma nimezilaza juu ya kioo moja moja na kujaribu kupenyeza fila geji, zile nyembe za kupimia nafasi, chini yake. Tatu hazikuruhusu hata wembe wa 0.05. Ya nne ilipitisha 0.15 na kukataa 0.20. Kikomo cha kitabu ni 0.2, kwa hiyo kwa kitabu ni nzima. Lakini soma tena hesabu ya juu. Wakati mlango ulikuwa 0.12 kwa kila uso, pleti iliyopinda 0.15 haikuwa na pa kupita. Kikomo cha kitabu kimeandikwa kwa klachi ambayo kila kitu kingine kiko sawa. Ninaibadilisha.

Halafu basketi. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, tochi mkononi. Masikio ya pleti za msuguano hukaa kati ya vidole vya basketi, na kwa kilomita elfu thelathini na kitu yamekuwa yakigonga kingo za alumini kila ninapofungua na kufunga mafuta. Kila sikio limejichimbia kitanda chake. Ukipitisha ukucha unahesabu mikato mitano, mmoja kwa kila pleti. Kina chake ni kama 0.3, sehemu mbili 0.4. Sasa pleti iliyogandishwa na oili, hata ikipewa nafasi, inakuta sikio lake limelala shimoni na lazima lipande ukingo ndipo lisogee. Injini ikiwa moto oili inasaidia kupanda. Ikiwa baridi, haisaidii.

Siku ya 18

Kupiga tupa ndani ya injini ni dhambi, kwa hiyo basketi imetoka nje kabisa. Kulegeza nati ya kati nilitia namba tano na mtu akakanyaga breki ya nyuma, shafti ikatulia. Ile washa ya kukunja nimeweka mpya.

Nimepiga tupa laini, bapa, mapigo marefu, kila ukingo idadi ile ile ya mapigo, nikapima kila baada ya kumi. Sikufuta mikato yote. Pale pa 0.4 nimeacha kivuli. Ukiendelea kula mpaka pang'are, nafasi kati ya kidole na sikio inaongezeka, pleti zinapata uwanja wa kugonga, na mikato mipya inakuja haraka kuliko ya kwanza. Lengo ni sikio lipite bila kukwama, si basketi ipendeze. Ingekuwa mikato ya milimita nzima ningenunua basketi nyingine.

Nimemalizia kwa msasa namba 400, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapuliza, nikaosha tena. Pleti za msuguano zimelala kwenye oili safi usiku huu.

Siku ya 19 hadi 21

Imefungwa, ikavuja. Gasketi ya zamani niliyoisifia ilikuwa na ufa usioonekana. Nimepoteza asubuhi mbili. Gasketi mpya, nyuso zimefutwa kavu, boliti zimekazwa kwa msalaba kwa awamu tatu. Oili hadi alama ya juu. Ulegevu wa leva umepimwa upya, maana kila ukifungua klachi vipimo vya waya vinahama.

Siku ya 22

Nyuzi 12, asubuhi ya baridi kuliko zote daftarini. Kilo 8.

Nimevuta mara ya pili: kilo 7. Ule mlio wa kubanduka haupo.

Hapa nimevunja kanuni yangu mwenyewe, nimebadilisha pleti na kupiga tupa basketi kwa pamoja, kwa sababu sikutaka kufungua kava mara mbili.

Siku ya 25 na 26

Jambo la pembeni lakini lina maana. Siku ya 25 nilitia gia nikiwa bado nimevuta choki na injini inazunguka kama mara 2,300 kwa dakika. Kishindo kilikuwa kikubwa. Kesho yake, siku ya 26, nikasubiri choki irudi na mzunguko wa injini ushuke karibu 1,400: kishindo kidogo. Klachi inayoburuza kidogo inaburuza zaidi kadiri basketi inavyozunguka kwa kasi, na meno ya gia yanapigwa kwa tofauti hiyo ya mwendo. Nimejizoeza: washa, vaa kofia, vaa glavu, rudisha choki, bana leva, hesabu tatu, tia namba moja. Breki ya mbele imeshikwa, na mbele yangu hapana mtu.

Siku ya 31

Nyuzi 13. Kilo 7. Choki imerudi, namba moja imeingia, haikusogea hata kidole. Mizani nimeitundika ukutani. Nitaivuta tena nikibadilisha oili.